Mistari Kumi na Minne Aliyoifuta Bi Nukta

Presi namba nne ilipouponda mkono wa Mama Pacha, Bi Nukta alikuwa hatua sita kutoka pale, amekalia ndoo iliyopinduliwa, laptopu mapajani. Hakusikia ukelele kwanza. Alisikia kishindo kizito, kifupi, kisichofanana na mgongano wa chuma kwa chuma aliouzoea asubuhi nzima. Safari hii kati ya chuma na chuma palikuwa na kitu. Presi ikapanda kama kawaida yake, ikatulia kidogo, ikashuka mara ya pili juu ya mkono uleule. Mara hiyo ya pili ndiyo iliyomfuata Bi Nukta miaka yote iliyokuja, maana yeye peke yake mle ndani alijua kilichoiruhusu mashine kushuka hata mara ya kwanza.

Kilikuwa kiwanda cha sufuria. Presi tisa zilisimama katika safu moja, kila moja ikimeza bamba la alumini la duara na kutema mfuniko. Mama Pacha, mama wa mapacha wawili wa kike, alikuwa ameendesha presi hizo miaka kumi na mmoja bila hata mkwaruzo. Fundi wa kiwanda, ambaye wote walimwita Spana, aliruka meza, akaangusha swichi kubwa ya ukutani, kisha akaingiza mtaimbo chini ya kichwa cha presi na kukiinua kwa bega lake. Kilichotoka pale hakikuwa na umbo la mkono tena. Machela haikuwapo, kwa hiyo walimlaza juu ya bamba pana la alumini, wakambeba wanne, na damu ikawa inateleza juu ya bati lile jipya na kudondokea viatu vyao.

Waliobaki wakamgeukia Bi Nukta. Yeye ndiye aliyetoka katika kampuni iliyotengeneza visanduku vya kuongozea presi, na asubuhi ile alikuja kuvikagua. Mmoja alichukua nyundo akakitwanga kisanduku cha presi namba nne mpaka kikaning'inia kwa nyaya zake. Mwingine alimnasa kofi lililomtoa miwani. Akavutwa kwa kilemba, akaangushwa kwenye vipande vya alumini vyenye makali kama wembe, goti likapasuka hadi mfupa ukachungulia. Mtu alimkanyaga mgongoni. Bi Nukta hakujitetea. Alijikunja tu, akashika kichwa chake kwa mikono miwili.

Spana alirudi na mtaimbo wake ungali umelowa, akasimama juu yake. "Atakayemgusa tena aanze na mimi," alisema, wala hakupaza sauti. Watu walipokwisha kurudi nyuma, aliinama. "Sikukuokoa kwa huruma, dada. Nataka uniambie kuna nini ndani ya visanduku vyenu."

Bi Nukta aliokota miwani yake badala ya kujibu. Alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa lake mwenyewe.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alianza kazi kama mpiga chapa katika ofisi ya meli za mizigo, akajifunza kuandika programu za kompyuta kwa kitabu kilichotupwa na mwajiri wake, kurasa za kwanza zimeng'olewa, hivyo akaanzia katikati na kuuelewa mwanzo baadaye sana. Jina la Bi Nukta alilipata siku alipookoa kazi ya wiki nzima kwa kugundua kwamba kilichowasimamisha watu sita ni nukta moja iliyokosekana. Hakuwahi kuolewa. Aliishi na kaka yake mkubwa, mchinjaji aliyefiwa na mke, katika vyumba viwili nyuma ya bucha. Kaka alikuwa na mabega mapana kama mlango na tabia ya kupiga mluzi akikata nyama. Kila dada yake alipolalamika kwamba programu imegoma, alimjibu kwamba yeye ana bahati, maana akikosea kukata, ng'ombe hamshtaki.

Programu iliyoendesha visanduku vile haikuwa ya kampuni tangu mwanzo. Iliandikwa kwa miaka mingi na watu wasiojuana, kila mmoja katika nchi yake, wakaitoa bure kwa leseni ya chanzo huria. Bi Nukta aliisoma leseni hiyo yote siku ya kwanza, jambo ambalo ofisini hakuna mwingine aliyelifanya. Ilisema hivi, kwa ufupi: tumia upendavyo, badilisha upendavyo, na ukiitumia nyumbani kwako hakuna atakayekubishia hodi. Lakini siku utakapompa mtu mwingine programu hiyo, hata ikiwa imejificha ndani ya kifaa unachouza, lazima umpe pia msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ambayo binadamu anaweza kuyasoma, pamoja na mabadiliko uliyofanya. Usifute majina ya walioandika. Andika kwamba umebadilisha, na tarehe. Na huyo uliyempa awe na uhuru uleule uliopewa wewe.

Alipomweleza kaka yake, mchinjaji alifikiri huku akinoa kisu. Akasema basi ni sawa na mtu kupewa ng'ombe wa sadaka kwa sharti kwamba akigawa nyama asifiche ngozi, ili kila alaye aone alama ya mwenye ng'ombe. Bi Nukta alicheka, akamwambia ameielewa kuliko mwanasheria wa kampuni.

Miezi minane kabla ya ile siku ya damu, mkurugenzi alimwita na kumpa maagizo mawili. La kwanza, afute majina yote ya waandishi na maandishi ya leseni, ili mteja asione jina lolote ila la kampuni. La pili lilihusu kasi. Kila presi ilikuwa na sensa pembeni, ambayo wafanyakazi waliiita jicho: mkono ukikatisha mwanga wake, presi haishuki. Kioo cha jicho kikiingia grisi, hudanganya mara mojamoja, ndiyo maana waandishi wa mwanzo waliiamuru mashine iliulize jicho mara mbili kabla ya kushuka. Mkurugenzi alitaka liulizwe mara moja tu, ili mifuniko iongezeke kwa saa. Kazi yote ilikuwa kufuta mistari kumi na minne.

Bi Nukta alibisha nusu siku nzima. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza ameajiriwa kuandika au kuhubiri. Bi Nukta akaifuta. Hakuandika tarehe wala neno lolote mahali hapo. Jioni ile alishindwa kula, na kaka yake akadhani nyama ilikuwa na chumvi nyingi.

Siku ya pili baada ya ajali, hospitali ilimkata Mama Pacha mkono juu ya kifundo. Siku ya tatu kampuni ikatoa barua: mwendesha presi aliondoa kinga, yaani jicho la pembeni, kwa uzembe wake. Kiwanda cha sufuria kikamwachisha kazi akiwa bado kitandani.

Spana hakuiamini barua ile, kwa sababu kinga ya presi namba nne aliifunga yeye kwa mikono yake, na ilikuwa imefungwa mpaka dakika ile. Alikifungua kisanduku kilichotwangwa, akakiunganisha na skrini yake ya ufundi, na wakati kinaamka akaona mstari mmoja uliopita haraka kama panya: jina la ile programu huria. Mahali hapo kampuni ilisahau kufuta. Spana akaitafuta leseni, akaisoma mara tatu, akamshawishi meneja wake wapige muhuri barua ya kudai msimbo. Aliileta mwenyewe katika ofisi ya kampuni saa nne asubuhi.

Bi Nukta alikuwapo ofisini mkurugenzi alipoipokea. Spana alieleza kwa adabu kwamba wao ndio walionunua visanduku tisa, kwa hiyo wao ndio wenye haki ya kuona kilichobadilishwa, na kwamba kiwandani kuna watu wanane wanaogopa kuweka mikono yao chini ya presi. Mkurugenzi aliichana barua vipande vinne, akavirudisha kimoja kimoja katika mfuko wa shati la Spana. Akamwita mkuu wa walinzi amsindikize mgeni.

Mkuu wa walinzi aliitwa Konde. Alikuwa bondia zamani, na mwendo wake ulikuwa bado wa mtu anayetafuta kona ya ulingo. Kutoka dirisha la ghorofa ya kwanza Bi Nukta aliwaona wakipita geti, wakaingia kichochoro kilichopakana na duka la matairi. Konde alichomoa bomba la chuma ndani ya koti. Pigo la kwanza lilimshukia Spana mbavuni, akapinda. La pili lilimpata taya, na kutoka juu kule Bi Nukta aliona meno yakiruka na kugonga tairi lililotundikwa. Spana alipoanguka, Konde aliendelea kwa miguu, bila hasira, kama mtu anayesaga kitu ili kiishe. Lilikuwa jua kali la asubuhi. Wapita njia walivuka upande wa pili wa barabara.

Bi Nukta alirudi mbele ya meza ya mkurugenzi.

"Yule ana haki," alisema.

"Msimbo ni wetu. Tumelipa mishahara ya kuuandika."

"Mistari elfu sitini ni ya watu. Yetu ni mia tatu na kitu, na hiyo tumeishonea kwenye nguo yao. Tungeitumia humu ndani tu, asingetuuliza mtu. Tumeiuza, bosi. Ikishatoka getini inatoka na haki za aliyeinunua. Na tukiivunja leseni, ruhusa ya kuitumia yenyewe inatutoka. Kila kisanduku tunachouza kinakuwa mali ya wizi."

"Nani atajua?"

"Aliyelala hapo nje anajua. Na mimi najua, maana niliifuta mimi."

Mkurugenzi alichukua kizito cha kioo cha kukandamizia karatasi, akamrushia. Kilimpasua juu ya jicho. Bi Nukta akaikumbatia laptopu yake yenye ule msimbo, akatoka, damu ikimziba jicho moja, akakutana na Konde kwenye korido akipanda kutoka kazini kwake. Konde alimsukuma hadi mlango wa stoo, mlango wa chuma, akamwambia aiachie. Hakuiachia. Basi Konde akaubana mkono wake wa kulia kwenye fremu, akaufunga mlango kwa bega. Vidole vilipasuka kwa sauti ya kuni kavu. Akaufungua, akaona mkono bado umeshika, akaufunga tena. Laptopu ikaanguka upande wa pili, Konde akaichukua.

Alitembea hadi buchani, mkono umezungushiwa kilemba. Kaka yake alikuwa anatenganisha paja. Mluzi ukakatika. Alifungua kitambaa, akautazama mkono ule kwa muda mrefu, kwa macho yaleyale anayotumia kutazama kiungo kabla ya kukikata. Bi Nukta alipomtajia Konde, kaka alimwita jirani ampeleke hospitali. Kisha akanawa, akatundika kisu, akavua aproni.

Bi Nukta alimwambia, "Kaka, usiende."

"Siendi na kisu," alijibu.

Bi Nukta hakwenda hospitali kwanza. Alimfuata, akikimbia na kusimama, akikimbia na kusimama. Alipofika getini alimkuta kaka yake amekwishampata Konde. Bomba lilikuwa chini. Mtu aliyebeba nusu ng'ombe begani kwa miaka ishirini na mitano hana haja ya bomba. Mkono wa Konde ulikuwa umepindika kwenye kiwiko upande usiopindika, na mchinjaji amemkalia kifuani, anampiga usoni kwa ngumi nzito zenye mpangilio, moja, nyingine, moja, nyingine. Mtu wa chini alikuwa amekwisha kuacha kujitetea. Jicho lake la kushoto halikuwa jicho tena. Walinzi wanne walijaribu kumng'oa, wakashindwa, wakajaribu tena.

Siku za baadaye Bi Nukta alikiri jambo hili kwa watu wawili tu: kwamba aliposimama pale na mkono wake uliovunjika, aliomba moyoni kaka yake asiache. Furaha iliyompanda ilikuwa ya moto na tamu, na ilimtisha kuliko mlango wa chuma.

Polisi walimchukua kaka. Bi Nukta akalazwa, vidole vitatu vikawekewa vyuma.

Siku ya nne kitandani alitembelewa na mwanasheria wa kampuni, mtu mpole mwenye karatasi moja. Alisema Bi Nukta akisaini kwamba msimbo wote ni mali ya kampuni, na kwamba siku ya ajali aliiona presi namba nne ikiwa haina kinga, basi mkurugenzi atahakikisha Konde anaondoa mashtaka na mchinjaji analala nyumbani. Alipomaliza kusema hayo, aliweka kalamu upande wa kushoto, kwa kuwa aliona mkono wa kulia hauwezi.

Bi Nukta aliomba siku mbili. Alitoroka wodini, akaenda mahabusu.

Kaka yake alimpokea upande wa pili wa nondo, ngumi zake zimevimba na kuiva rangi ya zambarau. Dada akaeleza yote, na hapo kwa mara ya kwanza akamwambia kuhusu mistari kumi na minne. Mchinjaji alimuuliza kama kweli mwanamke yule angepona kama isingefutwa. Bi Nukta akasema ndiyo.

"Mimi nimemtoa mtu jicho, mdogo wangu," alisema. "Hilo ni langu, nitalitumikia mwenyewe. Wewe usinikomboe kwa mkono wa mwanamke mwingine."

Dada alilia. Kaka akamwambia alie kwa jicho moja tu, lile jingine lina nyuzi.

Kwa hiyo hakusaini. Badala yake alikwenda na Spana, ambaye taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya, kwa mkaguzi wa usalama kazini. Spana aliandika maneno kwenye daftari na Bi Nukta akayasema. Mkaguzi alikuwa mtu mkavu, karibu astaafu, asiyejua kitu kuhusu programu, lakini alielewa mara moja kwamba mtu akiuza mashine na leseni inamlazimu aoneshe ndani yake, basi aoneshe. Akaiamuru kampuni ilete msimbo katika siku kumi.

Siku ya kumi mkurugenzi aliuleta mwenyewe katika flashi, akitabasamu. Bi Nukta akaufungua kwa mkono wa kushoto. Majina ya waandishi yalikuwapo. Leseni ilikuwapo. Na ile mistari kumi na minne ilikuwapo, mizima, imerudishwa mahali pake kana kwamba haijapata kuguswa. Mkaguzi alimtazama Bi Nukta kwa macho ya mtu anayeanza kujuta.

"Huu si wenyewe," Bi Nukta alisema. "Kinachodaiwa ni msimbo uliozaa programu iliyomo ndani ya visanduku walivyouziwa hawa. Huu ni dada yake."

Mkurugenzi akauliza atathibitishaje. Spana akaandika daftarini kwa herufi kubwa: TWENDE KIWANDANI.

Walikwenda mchana uleule. Bi Nukta alipita buchani, akachukua mguu wa ng'ombe, kuanzia goti hadi kwato, uliokuwa umening'inizwa na msaidizi aliyeachiwa duka. Walisimama mbele ya presi namba tano, ambayo kisanduku chake kilinunuliwa siku moja na kile cha namba nne. Kwanza Spana aliweka kisanduku kipya chenye programu iliyotengenezwa kutoka kwenye flashi ya mkurugenzi. Akapaka grisi kwenye kioo cha jicho, akaulaza mguu wa ng'ombe chini ya presi, akabonyeza. Jicho lilidanganya, mashine ikaliuliza tena, ikakataa kushuka. Akabonyeza mara ishirini. Ikakataa mara ishirini.

Kisha akarudisha kisanduku cha presi namba tano chenyewe, kama kilivyouzwa. Grisi ileile, mguu uleule. Akabonyeza. Mara sita ikakataa. Ya saba presi ikashuka. Mfupa ulilipuka. Vipande vya mfupa na uboho vilimrukia mkaguzi usoni na kwenye shati, na kabla hajajifuta, presi ilikuwa imepanda na kushuka tena, ikakisaga kilichobaki kuwa uji. Mwanamke mmoja katika safu alitapika. Mkurugenzi aligeuka kuondoka, akawakuta wafanyakazi wamesimama mlangoni, wanane, kila mmoja na kipande cha chuma mkononi. Walimpiga. Haikuchukua dakika mbili, na mkaguzi alichelewa kuona kwa kuwa alikuwa anatafuta leso. Mkurugenzi alitoka pale ubavu mmoja umevunjika na sikio limening'inia. Bi Nukta hakumpiga, wala hakuwazuia.

Amri ilipotoka haikuwa na mzunguko. Kampuni impe kila mteja msimbo uliomo hasa ndani ya kisanduku chake, irudishe majina ya waandishi na leseni, na iandike wazi kila mahali ilipobadilisha. Kwa kuwa ofisini hapakuwa na mwingine aliyeujua msimbo ule, kazi ilimwangukia Bi Nukta, aliyekwisha kufukuzwa. Aliifanya siku tisa, akichapa kwa mkono wa kushoto na kidole gumba cha kulia. Alipofika mahali pa ile mistari, aliandika kwamba hapa palifutwa mistari kumi na minne, akaweka tarehe, akaweka jina lake kamili, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo hata kaka yake alikuwa halitumii. Spana, aliyekuwa sasa anaweza kusema kwa shida, alimkumbusha kwamba leseni haidai jina la aliyefanya, kutaja badiliko na tarehe kunatosha. Akaliacha jina.

Halafu akaenda kwa Mama Pacha. Alimkuta mezani, mapacha wanaandika kazi za shule, mmoja amemshikia mama yake chungwa ili alimenye. Bi Nukta alikataa kiti. Alisema alichokuja kusema.

Mama Pacha alimuuliza swali moja: siku ile anafuta, alijua kwamba mkono wa mtu unaweza kuingia?

"Nilijua unaweza," alisema Bi Nukta.

Mama Pacha alisimama, akampiga usoni. Hakumpiga kwa mkono mzima. Alimpiga kwa ule uliokatwa, kwa nguvu zake zote, na maumivu ya pigo lile yalimwangusha mwenyewe magotini. Nyuzi zikaachia. Damu ikajaa bandeji, ikatiririka kwenye daftari la mtoto, na mapacha wakaanza kulia kwa sauti moja. Jirani hakuwapo. Bi Nukta, pua yake ikivuja, alipiga magoti pale sakafuni, akafungua bandeji, akaubana mkono ule kwa kitambaa safi mpaka damu ikapungua. Mama Pacha alimwachia afanye, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Alipomaliza aliambiwa atoke na asirudi. Akatoka.

Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Kaka alihukumiwa miaka miwili. Konde alibaki na jicho moja. Mkurugenzi alibadilisha jina la kampuni na bado anauza visanduku, ila sasa kila kimoja kina karatasi inayoeleza mahali pa kupata msimbo, na anayeupekua anaona mabadiliko yake. Viwanda vinne vingine viliusoma, vikalikuta pengo lilelile, na mafundi wao wakalijaza wenyewe bila kungoja mtu. Katika kimoja walikuta mwendesha presi aliyekwisha kupoteza vidole viwili, naye ameaminishwa kwamba ni uzembe wake. Bi Nukta na Spana walikodi chumba kimoja karibu na kituo cha umeme, wakawa wanakagua mashine za watu. Vidole vitatu vya Bi Nukta havikunjiki. Mara kwa mara, mlango wowote unapojibamiza, hupiga kelele kabla hajajijua.

Kaka alitoka siku ya Jumanne. Akarudi buchani Jumatano, lakini hakupiga mluzi, na kwa wiki nzima aliacha msaidizi ndiye akate, yeye akapima tu. Aliposhika kisu tena alimwambia dada yake kwamba kila akigonga mfupa anasikia uso wa mtu. Dada alimkalia karibu.

Mwezi mmoja baadaye Mama Pacha alisimama kwenye mlango wa kile chumba. Kiwanda kilikuwa kimemrudisha kazini kama mkaguzi wa safu, na mkono wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kushonwa vizuri. Hakuingia ndani.

"Sikuja kukusamehe," alisema. "Wameleta presi mpya tatu kutoka kampuni nyingine, hazina karatasi ya msimbo wala ya leseni. Nimewaambia hakuna atakayewasha mpaka msimbo uje na usomwe. Meneja anapiga kelele. Njoo na vitu vyako."

Bi Nukta alichukua laptopu kwa mkono wa kushoto. Spana akachukua skrini yake na mtaimbo, kwa mazoea tu. Wakamfuata Mama Pacha hadi kiwandani, yeye mbele, wao nyuma.